Mwanza: dagaa wana mwezi, karata hazina

Wiki hii safu yako imehama kijiwe. Imepanda basi alfajiri pale Dar, ikakata Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, kilomita zaidi ya 1,100, mpaka miguu ikavimba na stori za abiria jirani zikaisha. Ukiona mawe makubwa yamepandiana kama vile kuna mtu alikuwa anayapanga, akaitwa kula, akaiacha kazi hapohapo, basi shusha begi. Umefika Mwanza.

Mji huu ni mawe na maji. Mawe juu, maji chini, binadamu wanabanana katikati. Kule Mabatini na Igogo nyumba zimepanda mlima mpaka unajiuliza makochi yalifikaje kule juu. Karibu na kivuko cha Kamanga kuna Jiwe la Bismarck, limesimama majini kwa mapozi, na kila mgeni lazima apige nalo picha. Kule Capri Point wanakaa wenye nazo, wanalitazama ziwa kwa raha zao.

Lakini mimi sikwenda kupiga picha. Niliitwa.

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba miaka na miaka. Alinipigia simu usiku, na shangazi akipiga usiku ujue kuna jambo.

"Mwanangu, njoo uongee na ndugu yako. Anataka kuacha kazi acheze karata."

"Karata za kupoteza muda, shangazi?"

"Za kula mjini, baba. Anasema eti ni kazi kama kazi nyingine. Wewe si unaandika magazetini? Njoo umweleze."

Sasa kuandika magazetini na karata vinahusiana wapi, sikuuliza. Nikakata tiketi.

HAPA BAHATI INAUZWA KWA GUNIA

Kama hujawahi kufika Mwaloni Kirumba, kafike. Harufu itakupokea kabla ya mwenyeji wako. Ukishaizoea utaona magunia ya dagaa yamepangwa kama ukuta, wapagazi wanapiga kelele "kichwa! kichwa!", na wanunuzi wametoka kila kona: Dar, Arusha, Burundi, hadi Kongo. Kingine kinachotoka humu ziwani siku hizi ni mabondo, ile mifuko ya hewa ya sangara. Zamani watu waliyadharau, leo yanasafirishwa hadi China, na kilo ya bondo inaizidi mbali kilo ya samaki mwenyewe. Sangara naye si mwenyeji. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala wenyeji, akatajirisha watu. Kisha mwaka 1999 Ulaya wakafunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, na viwanda vya Mwanza vikasimama vikishangaa.

Ninachotaka kusema ni kwamba huku watu wanaijua bahati kuliko sisi wa Dar. Mvuvi anaingia ziwani jioni bila kujua atarudi na nini. Mchimbaji mdogo wa Geita anashuka duarani miezi sita, siku ya saba ya mwezi wa saba duara linatema, au halitemi. Kwa hiyo binamu yangu, mtoto wa shangazi, mwenye miaka 26, aliponiambia "binamu, hapa kila mtu anacheza kamari, mimi tu ndiye ninayeisema", sikuwa na jibu la haraka.

Tulikuwa tumekaa juu ya magunia, tunakula sato na ugali. Kazi yake ni kwenda visiwani, Ukerewe na mpaka Goziba, kununua dagaa kwa wavuvi, kuwaleta Mwaloni na kuwauza kwa jumla. Kijana hanywi, havuti, na hesabu anaijua. Huyu si yule jamaa wa kubeti mkeka wa timu 15 akisubiri muujiza. Hao anawacheka.

"Mkeka ni sadaka," alisema. "Na karata tatu za stendi ni wizi mtupu, yule unayemwona anashinda ni mwenzao. Mimi nacheza poka. Poka ni akili."

DAFTARI LA BINAMU

Kwa usiyeijua, poka yao inachezwa hivi. Pakiti ni ya karata 52. Kila mchezaji anapewa mbili za siri, halafu tano zinafunguliwa mezani, za wote. Kila hatua mnaweka pesa. Ukiona huna kitu, unatupa karata na kupoteza ulichokwisha weka. Ukiwa na kitu, unaongeza. Na ukiwa huna kitu ukaongeza hivyohivyo kwa sura ya mbuzi, wenzako wakaogopa wakatupa, umekula. Huo ndio mkwara, na vijana wengi wameipenda poka kwa sababu ya mkwara.

Tofauti yake na mashine na gurudumu la kasino ni kubwa, na hapo binamu yuko sawa kabisa. Gurudumu la ruleti lina vyumba 37, lakini ukipatia namba unalipwa mara 35 tu juu ya dau lako. Hiyo tofauti ndogo ndiyo inayojenga kasino. Cheza ukichoka, nyumba itakula tu. Kwenye poka hupigani na nyumba, unapigana na walioketi nawe. Ukiwazidi akili, kwa muda mrefu utawala. Wapo watu duniani wanaoishi hivyo, si hadithi.

Akatoa daftari. Daftari la shule lenye jalada la bluu, limeandikwa kwa mistari iliyonyooka: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ameingia na kiasi gani, ametoka na kiasi gani. Miezi minne, usiku mara mbili kwa wiki. Alianza na shilingi 300,000. Ukitoa hasara zote, faida ni 2,140,000.

"Gawa kwa nne," akaniambia. Nikagawa. Shilingi 535,000 kwa mwezi. Magunia hayampi hivyo kila mwezi.

Mpango wake: achukue akiba yake milioni 2, na milioni 1 ya mama yake iliyomo kwenye biashara, ahamie meza kubwa. Pale watu wanaingia na laki mbili, hawaingii na elfu hamsini.

Hapo nikaelewa kwa nini shangazi alipiga usiku.

HESABU ZA FOMU FOO

Mimi nimeishia fomu foo na hesabu nilipata D, lakini ile mada ya uwezekano nilikuwa naipenda kwa sababu ilikuwa na karata. Usiku ule, kitanda cha wageni kikiwa kifupi kuliko miguu yangu, nikachukua kalamu.

Wiki 17, mara mbili kwa wiki, saa tano kila usiku. Jumla saa 170. Karata zinagawiwa kama mara 30 kwa saa. Basi binamu kagawiwa karata kama mara 5,100 tangu aanze.

Nyingi? Subiri. Karata bora kuanza nazo ni esi mbili, wazee wetu waliita ree. Uwezekano wa kuzipata ni mara moja katika 221. Piga hesabu: katika miezi minne amezipata kama mara 23. Ishirini na tatu tu! Na hata ukiwa na esi mbili, mwenzako akawa na kingi mbili mkaweka pesa zote mezani, yeye atakupiga karibu mara moja katika kila tano.

Unaona shida ilipo? Daftari lote lile, kurasa zote zile, linategemea vijitukio vichache. Usiku mmoja ule ambao kingi zilikataa kutokea, au usiku mmoja ule ambao zingetokea, na ile faida ya milioni 2 ingekuwa laki tano, au deni. Wanaoishi kwa poka wanahesabu makumi ya maelfu ya migawo kabla ya kujiita wazuri. Kwa mwendo wa binamu, kufika migawo elfu hamsini ni zaidi ya miaka mitatu. Kwa hiyo daftari halidanganyi, ila halijafika umri wa kutoa ushahidi.

Asubuhi nikamwonyesha. Akatazama kimya, akasema, "Sasa si ndiyo nataka nicheze kila siku, nifike haraka?" Jamani!

Akanitajia Chris Moneymaker. Kweli yupo, na jina ni lake la kuzaliwa. Mhasibu wa Tennessee, Marekani, mwaka 2003 alilipa dola 86 kwenye mchujo wa intaneti, akafika mashindano ya dunia Las Vegas, akaondoka na dola milioni 2.5. Dunia nzima ya vijana ikanunua karata. Lakini mashindano yale yalikuwa na watu 839, kiingilio dola 10,000 kwa kichwa, na zawadi zote zilitoka kwenye viingilio vyao wenyewe. Hakuna aliyeleta pesa kutoka nje. Moneymaker tunamjua kwa jina, waliochangia milioni zake hatuwajui.

Na kwenye simu je? Aprili 15, 2011 serikali ya Marekani ilizifunga tovuti kubwa za poka, na watu waliokuwa wanaishi kwayo waliamka hawana kazi. Mwaka 2019 wataalamu wa chuo cha Carnegie Mellon na kampuni ya Facebook walitangaza programu ya kompyuta, Pluribus, iliyowapiga mabingwa kwenye meza ya watu sita. Sasa wewe uko Kirumba na bando lako la wiki, utajuaje unayecheza naye ana damu?

"Ndiyo maana nacheza ana kwa ana," akajibu binamu. "Njoo Jumamosi ukaone."

JUMAMOSI USIKU

Nyumba ilipo sisemi, na sababu iko wazi. Tanzania michezo ya kubahatisha ni halali kwa mwenye leseni ya Bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kwa mtu wa miaka 18 na zaidi. Meza ya sebuleni haina leseni. Maana yake ukidhulumiwa huna pa kwenda kushtaki, na wakija askari huna cha kujitetea.

Nilikaa pembeni na soda yangu. Meza ina watu sita. Mmoja ana duara Geita. Zamani angesubiri kivuko Busisi mpaka achoke, lakini tangu lile daraja la kilomita kama 3 lifunguliwe Juni 2025, anavuka kwa dakika chache na pesa zikiwa za moto. Mwingine ananunua mabondo. Wengine ni wa samaki na dagaa, na binamu yangu. Stori ni Pamba Jiji, TP Lindanda wao, waliokaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 wakarejea 2024. Zinapofunguliwa karata, stori zinakatika.

Binamu anacheza vizuri. Nasema bila upendeleo. Anatupa karata nyingi, hana papara, uso wake haujulikani kama anafurahi au anaumwa jino. Yule wa dhahabu anapiga mkwara kila mara, na akiliwa anacheka. Mwenye meza anakata shilingi moja katika kila ishirini ya kila pesa inayoliwa.

Nikahesabu na hilo. Watu sita, kila mmoja kaja na 50,000, meza ina laki tatu. Tuseme hadi alfajiri pesa iliyoliwa na kuliwa tena inafika milioni 1 na laki 2. Mwenye meza kachukua 60,000 bila kushika karata. Zimebaki 240,000 kwa watu sita waliokuja na 300,000. Anayeishi kwa poka usiku ule si binamu. Ni mwenye nyumba.

Usiku ule aliyeliwa zaidi hakuwa yule wa dhahabu. Alikuwa mzee wa makamo, mfanyabiashara wa dagaa. Elfu hamsini iliisha, akatoa simu, akapeleka meseji, pesa ikaingia, ikaisha. Tena ikaingia. Nyingi zilikwenda kwa binamu. Saa tisa akaaga kwa heshima, akavaa koti, akatoka.

Binamu aliandika kwenye daftari: faida 118,000.

NANI ANALIWA?

Asubuhi tukiwa tunakunywa chai, shangazi akaanza kulalamika mambo ya kikoba chao cha Mwaloni, ambacho yeye ndiye mweka hazina. Kuna mwanachama hajarejesha mkopo wiki ya tatu sasa. Jana jioni kawaomba kina mama wawili wamuongezee, kwamba kuna mzigo wa dagaa unatoka visiwani. Wamempa. Mzigo haukuja.

Akamtaja jina.

Binamu aliacha kutafuna. Mimi niliangalia kikombe changu. Shangazi akaendelea kumimina chai, hakuona kitu, au aliona akanyamaza, watu wazima huwajui.

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipopata nilichofuata Mwanza. Wakati wote ule mimi na binamu tulikuwa tunabishana kama anajua kucheza. Anajua. Swali lilikuwa jingine: ili yeye ale kila mwezi, nani aliwe kila mwezi? Las Vegas wageni wanashushwa na ndege kila siku, wanapoteza, wanarudi kwao, wanaletwa wengine. Mwanza meza ni ile ile na sura ni zile zile. Ukiwala, wataishiwa au watakukimbia. Na mji ukiwa mdogo, pesa inazunguka: inatoka kikobani kwa mama, inapita mezani, inarudi nyumbani kwa jina la faida, ikiwa imekatwa ya mwenye meza.

Ziwani pia kuna bahati, sikatai. Lakini mvuvi akibahatika kuna gunia jipya limeingia mjini, kuna mtu Singida atakula mboga. Mezani hakiongezeki kitu.

MWEZI

Jioni tukateremka ufukweni. Mwezi ulikuwa umeanza kupungua. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi za sola, na taa hazina maana mwezi ukiwaka. Kwa hiyo mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi. Giza likirudi, wanaingia. Mvua zikiwa nyingi dagaa hawakauki na bei inaanguka, nalo linajulikana. Hata pesa wanaigawa kwa utaratibu: mafuta na gharama kwanza, kisha sehemu ya mwenye chombo, kisha ya mabaharia. Shida zipo, hasara zipo, ila siku za njaa zina kalenda.

Nikamwambia, "Binamu, dagaa wana mwezi wao. Unajua lini hutakula, unajiandaa. Karata hazina mwezi. Zinaweza kukunyima miezi mitatu mfululizo nawe unacheza sawasawa, na mwenye nyumba wako hataelewa habari za kingi na esi."

Akarusha kijiwe majini. "Na nikiwa na akiba ya kula mwaka mzima?"

"Hapo tutaongea. Akiba ya kula ikae mbali na mtaji wa meza. Lakini milioni ya mama haimo kwenye hesabu hiyo. Na ukiicheza hiyo, utakuwa unacheza na hofu, na wewe mwenyewe umeniambia mwenye hofu ndiye anayeliwa."

Hakujibu. Alikaa sana. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea: "Yule mzee, nimrudishie?"

Sikumpa jibu. Hilo si la mwandishi wa safu.

Nilikaa siku tatu zaidi. Jumatano, meza ya wiki ilipokuwa inaanza, binamu alikuwa Mwaloni anapakia magunia matupu na ndoo za kupimia, boti la visiwani linangoja, giza limerudi. Milioni ya shangazi ilikuwa imerudi kwa shangazi, niliona ikihesabiwa. Kuhusu yule mzee, shangazi alisema amelipa nusu ya deni, na hakueleza pesa kaipata wapi. Daftari la bluu lilikuwa kwenye begi la binamu. Hajasema ameacha. Amesema anaendelea kuandika.

Sasa wewe uliye Sinza, Ngarenaro au hapohapo Buzuruga, unayejiona mkali wa karata, pool au drafti na unataka kuacha kazi ule kwa kipaji, sikukatazi. Andika daftari kwanza, la mwaka, si la miezi minne. Weka chakula pembeni. Usiguse pesa ya mtu. Halafu itazame meza yako uso kwa uso, ujiulize: kati ya hawa, ni nani nitakayemla mpaka nizeeke, na mke wake ananijua?

Ukipata jibu, niandikie. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.